Dozi ya jioni nimeshakunywa au bado?

Swali: "Daktari naomba msaada. Nina miaka 52, nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana na sasa niko mzunguko wa tatu wa kemo. Siku ya kwanza natundikiwa dripu halafu narudi nyumbani na vidonge vya kapesitabini, vitatu asubuhi vitatu jioni kwa siku 14, kisha wiki moja napumzika. Siku ya tisa jioni nilijikuta nimekaa mbele ya boksi la dawa sikumbuki kama nimeshakunywa au bado, nikaona bora ninywe, baadaye mwanangu akaniambia mbona ulishakunywa. Hiyo ni juzi na tangu hapo sina amani. Kichwa kizito, nasahau majina, naingia chumbani sijui nilifuata nini. Mwanangu anasema nimekuwa mzembe. Ndo naanza kupoteza akili? Na nifanyeje nisirudie?"

Jibu:

Shikamoo mama yangu. Mimi ni mfamasia, siyo daktari, ila dawa hizi za saratani ndo kazi yangu ya kila siku, na nashukuru sana umeliandika hilo la siku ya tisa waziwazi maana wengi likiwatokea wanakaa nalo kimya kwa aibu, wodi haijui, nyumbani hawajui, na hapo ndo panakuwa pabaya.

Tuanze na hilo hilo. Kama hujawapigia simu wodini, piga leo, usingoje siku ya kliniki. Sikutishi, dozi moja ya ziada mara moja na dozi kuzidi siku kadhaa mfululizo ni vitu viwili tofauti, ila uamuzi wa kuendelea au kusimama kwanza ni wa timu yako kwa sababu wao wana vipimo vyako vya damu na vya figo, mimi sina. Dozi ya kapesitabini inapigiwa hesabu ya urefu na uzito wako, siyo dawa ya kukadiria. Na kuna sababu nyingine ya kuwahi, ipo dawa ya kutengua sumu ya kapesitabini ikizidi mwilini, haipatikani kila mahali na siyo kila mtu anaihitaji, lakini anayeihitaji anatakiwa aianze ndani ya saa 96 tangu kidonge cha mwisho. Ukikaa wiki nzima ukiwaza tu, muda huo utakuwa umeshapita. Kwa hiyo piga, maneno ya kuwaambia ntakuwekea mwishoni ili usihangaike kuyatafuta.

Na ukiona unaharisha, yaani unaenda choo mara nne au zaidi kuliko kawaida yako kwa siku au kuhara kunakuamsha usiku, unatapika zaidi ya mara moja ndani ya saa 24, vidonda mdomoni mpaka kula ni shida, viganja na nyayo vimevimba vinauma, au homa imefika 38, usimeze kidonge kingine cha kapesitabini mpaka umeongea nao. Hiyo ni kwa siku zote za tiba, hata kama hujawahi kuzidisha. Homa ndo usiichezee kabisa, mtu wa kemo mwenye homa anaenda hospitali hata saa nane usiku, wala usimeze parasetamo kwanza kuona kama itashuka, kwa sababu itashuka kweli na maambukizi yatabaki palepale yakiendelea.

Sasa kichwa. Unachokieleza kinajulikana, wagonjwa wenyewe wanakiita ukungu wa kemo, na watafiti wamekifuatilia tangu miaka ya 1990 mpaka leo. Katika baadhi ya tafiti hadi robo tatu ya wagonjwa walisema wameona mabadiliko ya kumbukumbu au umakini wakati wa matibabu, na wengine walikuwa nayo hata kabla ya dripu ya kwanza, maana saratani yenyewe, upasuaji, kukosa usingizi na hofu vinachosha ubongo kabla kemo haijaanza. Kwa wengi kunapungua polepole baada ya tiba kuisha, miezi sita, mwaka, wengine inachukua muda zaidi. Huyo mwanao anayekuita mzembe nitamgeukia baadaye.

Kuhusu kupoteza akili, mtu anayejua kwamba amesahau, akakaa akaandika swali refu lenye siku ya tisa na jioni na idadi ya vidonge, kichwa chake kinafanya kazi. Kilichochoka ni ule uwezo wa kushika jambo moja huku jingine linapita. Ukitazama vizuri, hukusahau kwamba umekunywa dawa, yaani hiyo kumbukumbu haikuingia kabisa. Ulimeza huku unawaza kitu kingine, au unaongea na mtu, ubongo haukuandika. Halafu kumeza dawa kunafanana kila siku, glasi ileile, meza ileile, boksi lilelile, kwa hiyo ukijaribu kukumbuka unaiona picha kabisa ya wewe unameza, ila hujui ni ya leo au ya jana. Hata mtu mzima wa afya inamtokea kwenye kufunga mlango. Ndo maana nasema kukaza kichwa hakusaidii, utakaa mbele ya boksi hata saa nzima, jibu halipo humo kichwani kwa sababu halikuwekwa.

Na hapa ndo jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Watu wanahangaika sana wasisahau kunywa. Kwa kapesitabini, kusahau kunywa dozi moja ni jambo dogo, unairuka, dozi inayofuata unakunywa kwa saa yake kama kawaida, hufidii, huongezi. Ukimeza ukatapika vilevile, hurudii. Kubwa ni kusahau kwamba umeshakunywa. Kwa hiyo kanuni ya nyumbani kwako kuanzia leo iwe hii: ukiwa na shaka, na hakuna ushahidi, kapesitabini haimezwi. Unaandika kwenye daftari "jioni sina uhakika, nimeruka" unaenda kulala, asubuhi unawaambia wodini. Ulichofanya juzi, kwamba bora ninywe, kinaeleweka kabisa, mtu anaogopa saratani isipate mwanya, lakini dozi moja iliyorukwa haifungui mwanya huo.

Ushahidi unaupataje? Kwanza hesabu, na hii ni nzuri kwako kwa sababu dozi zako zimenyooka. Vitatu asubuhi vitatu jioni ni sita kwa siku, kwa siku 14 ni vidonge 84. Siku ya tisa jioni kabla hujameza vinatakiwa viwepo 33. Ukimeza mara moja vinabaki 30, ukimeza mara mbili 27. Yaani jioni ile jibu lilikuwa ndani ya boksi, lilitaka kuhesabiwa tu. Sasa kaa na mwanao muandike kwenye karatasi moja, siku ya kwanza mpaka ya 14, kila siku mistari miwili, asubuhi na jioni, na pembeni ya kila mstari idadi inayotakiwa kubaki baada ya kumeza, 81, 78, 75, unashuka hivyo mpaka sifuri. Mzunguko huu kwa kuwa umezidisha dozi moja, hesabu iliyopo leo ndo muanzie, na kama vitapungua vitatu mwishoni msishangae wala msitafute vya kujazia, waambie wodini kwanza. Ila hesabu hii inakubali pale tu boksi halina mabaki ya mzunguko uliopita, vidonge vilivyobaki vya zamani usivichanganye, virudishe hospitali. Na siku wakikubadilishia dozi, au wakakupa vidonge vya saizi mbili, maana kapesitabini ipo ya miligramu 500 na ya 150, karatasi ya zamani chana, omba mfamasia wa pale akuandikie mpya.

Pili alama. Tiki inawekwa kidonge kikiwa kinashuka kooni, siyo kabla wala siyo "ntaandika baadaye". Nimeona mtu anaweka tiki kwanza kwa nia njema, halafu mlango unagongwa, anarudi anaikuta tiki anadhani amekunywa. Mwingine anameza, anasema kalamu iko chumbani, basi. Kwa hiyo kalamu ifungwe kwa uzi kwenye hiyo karatasi, na karatasi ikae na dawa, popote dawa zinapokwenda karatasi inakwenda. Karatasi ya ukutani sebuleni na dawa chumbani havisaidiani.

Halafu alamu ya simu, ambayo kila mtu atakushauri na kweli weka, mbili, asubuhi na jioni zipishane kama saa 12, na kwa kuwa kapesitabini inakunywewa ndani ya nusu saa baada ya kula basi iweke ilie wakati huo na siyo unapoamka. Lakini alamu inakumbusha tu, haishuhudii. Ikilia ukaizima ukasema nimalizie hiki kwanza, dakika kumi baadaye huna alamu na huna kumbukumbu. Usiizime mpaka vidonge viko kiganjani na maji yako mezani, iache ipige kelele. Na wakati wa kumeza sema kwa sauti, "leo Jumanne jioni, nakunywa vitatu, vimebaki thelathini", kweli inaonekana ni kitu cha ajabu kuongea peke yako, ila sauti yako mwenyewe inaupa ubongo kitu cha kushika ambacho hakifanani na cha jana.

Kile kiboksi cha vyumba saba kwa siku za wiki ni kizuri kwa dawa zako nyingine kama unayo ya presha au nini, lakini kapesitabini usiichanganye humo na dawa nyingine, iache kwenye boksi lake ilikotoka, haivunjwi wala haisagwi, na mwanao akikusaidia kuvishika avae glavu au avimimine kwenye kifuniko bila kugusa, kisha anawe mikono. Mjamzito asiviguse kabisa.

Sasa kuna kitu hukukitaja na nadhani tukiangalie, dawa zako nyingine. Mara nyingi ukungu wa kichwani sehemu yake imo kwenye mfuko wa dawa. Siku ya dripu huwa wanatoa deksamethasoni ya kuzuia kichefuchefu, na wengine wanaendelea nayo siku mbili tatu nyumbani, hiyo ukinywa jioni unakesha macho makavu na mtu ambaye hajalala siku tatu hakumbuki kitu, muulize daktari kama unaweza kuinywa asubuhi yote. Dawa nyingine za kichefuchefu kama promethazini zinaleta usingizi na kichwa kizito mpaka kesho yake, dawa za mzio zile za zamani zinazolewesha pia, dawa za kulala za jamii ya diazepamu na lorazepamu zenyewe zinazuia kumbukumbu mpya isishike, na dawa kali za maumivu, morfini na ndugu zake, hasa siku za mwanzo au dozi ikipandishwa. Usiache hata moja kwa uamuzi wako, kichefuchefu na maumivu navyo vinaharibu kichwa, ila siku ya kliniki beba mfuko mzima, vyote, mpaka vya dukani, vitamini, na dawa za mitishamba, mwage mezani mbele ya mfamasia mseme hiki cha nini, kinakunywewa lini, kipi kinaweza kutoka. Kwako wewe hasa angalia vitamini zenye foliki asidi, zinaongeza makali ya kapesitabini na watu wanazinywa wakidhani wanajenga damu. Na kama unatumia warfarini ya kuyeyusha damu, hakikisha wanajua, kapesitabini inaipandisha mpaka mtu anavuja damu.

Waombe pia waangalie damu, maana upungufu wa damu, sodiamu kushuka, kalsiamu kupanda, sukari kupanda kwa sababu ya deksamethasoni, tezi ya shingo kuwa mvivu, upungufu wa vitamini B12, vyote vinasahaulisha na vyote vina tiba. Usikubali kila kitu kiitwe kemo tu. Na huzuni vilevile. Mtu akiwa na huzuni nzito anakuwa kama amesahau kila kitu, mwambie daktari kama unaamka hutaki siku ianze, hilo nalo ni ugonjwa unaotibika.

Kama kuna mwenzio mnakaa naye benchi moja kliniki anatumia dawa nyingine, usimpe kanuni zako, kila dawa ina yake. Imatinibu ya saratani ya damu kwa mfano, kurukaruka dozi mara kwa mara kunaonekana kabisa kwenye vipimo, ugonjwa unapanda. Abirateroni ya tezi dume inakunywewa tumbo tupu, wakati yako ni baada ya kula. Deksamethasoni aliyeitumia wiki nyingi haikatishi ghafla. Na methotreksati ya vidonge kwa magonjwa mengi inakunywewa mara moja kwa wiki, kuna watu wamekufa kwa kuinywa kila siku, wala haikuwa kwa kusahau, walielewa vibaya maelezo tu. Ndo maana ukipewa dawa yoyote usitoke dirishani mpaka umemrudishia mfamasia maelezo kwa maneno yako mwenyewe, au umerekodi kwenye simu anavyoeleza. Sisi hatukasiriki, na anayekasirika ana makosa yeye.

Haya, huyo kijana wako. Mpe asome hapa. Mwanangu, mama yako hajawa mzembe, anapigana na saratani huku ubongo umechoka, na neno hilo litamfanya aanze kukuficha, siku nyingine atazidisha dozi na hutajua. Juzi wewe ndo ulikuwa shahidi pekee na bahati nzuri ulisema. Sasa uwe msaidizi mmoja, mmoja tu, maana nyumba yenye wasaidizi watatu kila mmoja anampa mgonjwa dawa kwa upendo na anakunywa mara tatu. Ukitoka safari unamkabidhi mwingine karatasi mkononi, siyo kwa maneno. Na usimnyang'anye mama dawa zake ukawa unampa kama mtoto, yeye ameze, yeye aweke tiki, wewe kila jioni uhesabu vilivyobaki ulinganishe na karatasi, dakika moja imetosha.

Mambo mengine mama, majina na kuingia chumbani, fanya kitu kimoja kwa wakati, redio zima ukiwa unaongea na mtu, funguo na miwani vikae sehemu moja siku zote, mambo yanayohitaji kichwa kama hesabu na karatasi za hospitali yafanye saa ambayo wewe huwa mwepesi, kwa wengi ni asubuhi. Kutembea kila siku hata dakika 15 kwa kadiri ya nguvu zako, kunasaidia uchovu na usingizi, na hivyo viwili vikipungua kichwa nacho kinapata nafuu.

Ila kuna kusahau ambako siyo huku. Ukichanganyikiwa ghafla, ukapotea njia unayoijua, ukashindwa kutamka, upande mmoja ukalegea, kifafa, kichwa kuuma kupya kunakoambatana na kutapika, au wanashindwa kukuamsha vizuri, hapo ni hospitali muda huohuo, na mwanao ndo alijue zaidi kuliko wewe kwa sababu likitokea wewe hutaweza kulisema.

Maneno ya simu niliyokuahidi haya hapa, yaandike kwenye karatasi kabla hujapiga, jaza penye nafasi: "Niko mzunguko wa tatu wa dripu na kapesitabini ya miligramu kadhaa, vitatu asubuhi vitatu jioni. Siku ya tisa jioni, tarehe fulani, nilikunywa dozi mara mbili, vidonge sita badala ya vitatu. Tangu hapo nimekunywa dozi ngapi. Vilivyobaki nimevihesabu leo ni vingapi. Kuhara, kutapika, vidonda mdomoni, homa, ninavyo au sina. Dawa nyingine ninazotumia ni hizi. Niendelee au nisimame?" Andika jina la aliyekujibu, saa, na alichosema, neno kwa neno, halafu msomee akiwa bado yuko kwenye simu.